Hunger Games, Divergent au Maze Runner: nichukue seti ipi?

MjombaTabata: Wakuu, habari za jioni. Nataka kumnunulia mtoto wa dada yangu seti moja ya zile riwaya za vijana wanaopambana na serikali katili za siku zijazo. Dukani nimekuta The Hunger Games, Divergent na The Maze Runner. Bei hazipishani sana. Nichukue ipi? Nalipa Jumamosi.

Kisomo77: Mkuu, umri? Kiingereza chake kikoje? Filamu ameshaziona au bado? Ukisema "mtoto" tu, anaweza kuwa wa miaka tisa au kumi na tisa.

BintiPemba: Hunger Games, hakuna cha kujadili. Katniss, yule binti mhusika mkuu, anasimulia mwenyewe, tena mambo yakiwa yanatokea, kwa hiyo anaingia uwanjani kuuana na vijana wenzake na wewe hujui kama atatoka. Na dhuluma ya Panem, nchi yao, unaielewa bila kufafanuliwa: wilaya 12 zinachuma, Capitol, mji mkuu, inakula. Wilaya ya 11 ndiyo inayolima, na watu wake ndio wenye njaa. Sentensi zenyewe fupi fupi, hata mwenye Kiingereza cha kuokoteza atafika mwisho.

FundiSaa: Mnamsifia Suzanne Collins kama vile kabuni yeye. Wajapani walishatoa Battle Royale, kitabu 1999, filamu 2000. Wanafunzi wa darasa moja wanapelekwa kisiwani wauane. Hunger Games imekuja 2008.

BintiPemba: Collins alishasema hakuwa amekisikia hicho kitabu alipoandika chake. Wazo lilimjia akibadilisha chaneli usiku, huku vijana wako kwenye mashindano ya runinga, huku vita vya Iraq, akachanganya na kisa cha Theseus cha Wagiriki. Usimwamini kama hutaki.

MwalimuOti: Na The Giver mmeiacha wapi? Lois Lowry, 1993, na mwaka uliofuata ikachukua medali ya Newbery, ile ya vitabu vya watoto Marekani. Kitabu kimoja chembamba, hununui seti nzima. Ila filamu ya 2014 msimwoneshe mtoto. Jonas wa kitabuni ana miaka 12, wao wamemkuza ili wamtafutie mapenzi.

Kisomo77: Mwalimu, mtu ameuliza tatu, wewe unaleta ya nne. Mjomba, umri bado tunausubiri.

MamaIbra: Naomba niseme la Divergent, maana liliniuma. Nilinunua seti kwa muuzaji wa mtandaoni, majalada yanang'aa, bei nusu ya dukani. Binti yangu akamaliza cha kwanza na cha pili, safi kabisa, kila siku ananieleza habari za Chicago na yale makundi matano, mara yeye angekuwa wa kundi la mashujaa, mara mimi wa kundi la wapole (mimi!). Akaingia cha tatu. Huko mwishoni mwishoni kurasa zikaanza kujirudia, sura aliyokwisha kuisoma imechapwa tena, halafu kitabu kikaruka mbele. Akanifuata jikoni na kitabu mkononi: "Mama, Tris amekufa saa ngapi?" Tris ndiye mhusika mkuu! Yaani msiba kaukuta tu, watu wanalia, kifo chenyewe hakimo! Nikampigia muuzaji, ananiambia mwandishi ndivyo alivyoandika. Nikapiga picha kurasa mbili zinazofanana neno kwa neno, nikamtumia. Akasoma, kimya. Kesho yake kaniblok. Kwa hiyo Mjomba, popote utakaponunua, funua kitabu cha mwisho ukurasa kwa ukurasa ndipo utoe hela.

SeleMuvi: Dada! Umemwaga mchele kwenye kuku wengi. Mimi nimeishia cha pili!

MamaIbra: Kitabu kimetoka 2013, mwanangu. Ulikuwa unangoja nini?

SeleMuvi: Filamu.

FundiSaa: Utangoja sana. Kitabu cha tatu walikikata vipande viwili, kwa kuiga Mockingjay, kitabu cha tatu cha Hunger Games, kilichotolewa filamu mbili, 2014 na 2015. Kipande cha kwanza, Allegiant, kikatoka 2016 kikaanguka sokoni, na kipande cha mwisho hakikutengenezwa. Kulikuwa na mpango wa kukimalizia kwenye televisheni, nao ukafa. Anayefuata filamu za Divergent hana mwisho wa hadithi.

SeleMuvi: Ndiyo maana mimi ni Maze Runner. Filamu tatu, mwongozaji mmoja, Wes Ball, na zimekamilika. Ya tatu ilichelewa mpaka 2018 kwa sababu mwigizaji mkuu, Dylan O'Brien, aliumia vibaya kazini. Ukweli usemwe, filamu ya kwanza inakipita kitabu, kule kitabuni wale vijana wana misimu yao ya kubuni inayochosha.

MwalimuOti: Filamu ya pili imekiacha kitabu kabisa. Ukivichanganya, mtoto atauliza maswali hadi usiku.

BintiPemba: Hunger Games ya 2012 nayo kamera inatikisika mpaka kichwa kinauma, eti tusione damu. Uingereza walikata sekunde saba nyingine ili watoto wadogo waruhusiwe kuingia. Na kitabuni unamchukia mtazamaji wa Capitol, kumbe sinemani mtazamaji ni wewe, umekaa na bisi unashangilia nani kafa.

FundiSaa: Sasa si ndiyo raha yake?

BintiPemba: Kwako.

Kisomo77: Mnunulie Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Nchi iko angani, Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, wajumbe waliotumwa nje walete mawazo mapya wanarudi wanafungwa. Unataka serikali katili ipi tena?

SeleMuvi: Hicho ni kitabu cha mtihani, mkuu. Mtoto anangoja zawadi, unampa marudio.

Kisomo77: Mtihani ndio uliokuharibia, si kitabu.

MjombaTabata: Nilikuwa kwenye foleni Buguruni, simu imezima. Ana miaka 13, shule ya mtaala wa Kiingereza. Hunger Games aliiona nusu, mama yake akazima TV. Dada hataki mambo ya watoto kuuana.

Kisomo77: Na hilo umelificha mpaka saa hizi?

BintiPemba: Mpe hivyo hivyo. Mwambie dada asome yeye kwanza.

MwalimuOti: The Giver.

MamaIbra: Kwenye Divergent nako wanauana, Mjomba, tena kwa risasi. Kwenye Maze Runner kuna madude yanachoma watu. Hapo huna pa kukimbilia.

MjombaTabata: Duka la karibu halina The Giver. Nitamuuliza dada tena.

SeleMuvi: Kwani Tobias, mpenzi wa Tris, na yeye anakufa? Asinijibu mtu.