Vyumba viwili ghorofani Magomeni au kiwanja Chanika? Naomba ushauri

Mama Wawili: Habari za jioni wakuu. Tumepanga Magomeni mwaka wa tisa sasa. Watoto wanakwenda shule kwa miguu, soko lipo jirani, nami nashuka kituo cha mwendokasi kwenda kazini Kariakoo. Kuna mtu mtaa wa pili anauza nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, kwa milioni 90. Akiba yetu ni milioni 35, iliyobaki tungekopa benki. Mume wangu anataka kiwanja Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, tujenge polepole. Amekulia kwenye uwanja wenye mwembe, namwelewa. Ila nikiwaza watoto kuamka saa kumi alfajiri, moyo unagoma. Mlionunua ghorofani mnaishije?

Baba Chanika: Shemeji, mimi nimejenga huko. Nyumba ni yangu na sijutii, lakini watoto nawaona wamelala asubuhi na wamelala usiku. Mkienda, mmoja wenu awe na kazi hukohuko. Nauli mnaiona ndogo kwa sababu mnaihesabu kwa siku. Ipigeni kwa mwaka, kwa watu wanne.

Mpekuzi: Kabla ya mwembe na nauli, muulize muuzaji: hati ipo kwa jina la nani? Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, kila nyumba ghorofani inaweza kuwa na hati yake, pamoja na fungu lake la ngazi, paa na uwanja. Majengo mengi bado yana hati moja ya kiwanja kizima, na wanunuzi wameshika mikataba ya mauziano tu. Hapo benki haitakupa mkopo wa nyumba, maana haina cha kushika. Angalia pia hati mama, yaani ile ya kiwanja kizima, imebakiza miaka mingapi. Kama ni ya miaka 33 na imebaki michache, unanunua muda mfupi kwa bei ya muda mrefu. Fanya upekuzi wa hati ofisi ya Ardhi mwenyewe, usitume dalali. Na kama muuzaji ana mke, mke asaini.

Dada wa Upanga: Nakaa ghorofani mwaka wa sita. Ukuta haujawahi kunisumbua. Kinachosumbua ni pampu ya maji na shimo la maji taka. Ombeni kuona daftari la michango ya wenye nyumba. Kama hakuna chama wala daftari, siku pampu ikifa mtabeba ndoo hadi ghorofa ya tatu. Nendeni saa moja usiku, mfungue bomba.

Mzee wa Ilala: Binti yangu, mbona hamtazami nyumba ya Kiswahili? Vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Mkinunua na ndugu mnayeaminiana, mnakaa upande mmoja, mwingine unapangishwa. Mume atapata pa kupanda mwembe. Ila muandikishane kwa wakili, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Na msiwaharakishie watoto kuondoka. Kaya 644 za Magomeni Kota, zile nyumba za zamani za serikali, zilivunjiwa nyumba, zikasubiri miaka, na mwaka 2022 zikarudi palepale. Walijua thamani ya pale.

Mama Wawili: Ahsanteni sana. Nimempigia muuzaji: hati ni moja, ipo kwa marehemu baba yao, na mirathi haijafunguliwa. Nimemwambia tutazungumza ikishafunguliwa. Mzee wa Ilala, mume wangu amesoma ulichoandika, ameuliza hizo nyumba za Kiswahili zinaanzia bei gani upande wa Magomeni Mapipa. Kesho jioni tunatembea kuzitazama.