Madirisha ya mbao kwenye nyumba za zamani Dodoma: tuyang'oe au tuyazibe?

Ndugu zangu wa Dodoma, Mpwapwa, Kondoa na Kilimatinde, hili naomba tulijadili mapema. Nyumba za enzi ya Mjerumani na Mwingereza, zenye kuta nene na madirisha ya mbao, zinavalishwa madirisha ya alumini moja baada ya nyingine. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku, nyumba kongwe inatakiwa ifanane na mpya. Msimamo wangu: tunakosea, tena kwa gharama kubwa.

Wanaotaka kung'oa siwabezi. Kuanzia Juni upepo wa hapa hauna simile, vumbi linajaa kitandani, usiku baridi inapenya. Ila tutazame upepo unapita wapi. Mbao yenyewe haipitishi. Unapita kati ya fremu na bawa la dirisha, na pale puti inayoshikilia kioo ilipokauka ikapasuka hadi kioo kinacheza. Hiyo ni kazi ya seremala: puti mpya, bawaba zikazwe, kisha fremu izungushiwe ukanda wa mpira au wa brashi.

Wengi huharibu wakati wa mvua. Mbao huvimba, dirisha linagoma kufunga, fundi analipiga randa. Kiangazi kikifika mbao inanywea na upenyo unabaki wazi miezi yote ya upepo. Kama dirisha linakwama Februari, liache, upime Julai.

Alumini nayo hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Dirisha la kuslaidi hufunguka nusu tu, wakati la mabawa mawili hufunguka lote, na Novemba hapa kila mtu anajua thamani ya hewa. Halafu kuna shata za mbao, yaani milango midogo ya kufunika kioo cha dirisha, ambazo ndizo hutupwa kwanza. Shata ya nje hulizuia jua kabla halijagusa kioo. Pazia hulizuia likiwa limeshaingia ndani. Kwa upande wa baridi, vipimo vya Glasgow Caledonian University vya mwaka 2008 kwa madirisha ya zamani ya Uskoti vilionyesha shata za ndani zikipunguza upotevu wa joto kwa asilimia 51, na kioo cha pili kilichofungwa upande wa ndani kwa asilimia 63. Baridi yetu si ya Uskoti, lakini joto hutoka kwa njia ileile. Na kioo cha pili hakimlazimu mtu kugusa dirisha la asili.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu zote: matundu ya hewa yaliyo juu karibu na dari yasizibwe, na jiko la mkaa lisilale chumbani. Nyumba iliyozibwa vizuri hufungia ndani gesi ya mkaa, na gesi hiyo inaua watu usingizini.

Mtu atasema sheria itazilinda nyumba hizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mjerumani alikuja baada ya hapo, kwa hiyo boma lake au nyumba ya reli haimo mpaka Waziri aitangaze rasmi. Nyumba ya mtu binafsi kule Uzunguni inabaki mikononi mwa mwenyewe.

Pendekezo langu ni kwamba kibali cha ukarabati wa nyumba kongwe kiwe na sharti: madirisha yanayotazama barabarani yabaki ya mbao, ya nyuma mwenye nyumba aamue. Sharti bila msaada ni uonevu, kwa hiyo apewe nafuu kwenye kodi ya majengo, hii tunayokatwa tukinunua umeme wa LUKU. Mchwa ukishakula fremu, aruhusiwe kuchonga nyingine ya mninga kwa umbo lilelile.

Wenye nyumba na mafundi seremala, mngelikubali sharti hilo? Na ninyi mnaopanga humo, mngependa dirisha lipi, na kwa nini?