Simon alipofuta sauti ya Garfunkel kwenye Hearts and Bones, aliharibu au aliokoa? Naomba ushauri

Kamba_ya_Sita (mleta uzi):
Habari zenu wakuu. Wajuzi wa muziki wa magitaa ya zamani naomba mnisaidie jambo linaninyima usingizi. Mnajua Paul Simon na Art Garfunkel, wale waimbaji wawili wa Marekani, walirudiana mwaka 1981, wakapiga shoo ya bure Central Park, New York, mbele ya umati uliokadiriwa kuwa nusu milioni. Baada ya hapo wakaanza albamu ya pamoja. Garfunkel akaingiza sauti zake, Simon akaja kuzifuta, na mwaka 1983 akaitoa albamu kwa jina lake peke yake. Marekani iligota nafasi ya 35.

Swali: ukiisikiliza leo, sikio lako linasikia pengo? Au jamaa alikuwa sahihi kwa sababu nyimbo ni zake? Nahitaji majibu kabla ya wiki ijayo. Naomba kuwasilisha.

Ngoja_Waje:
Ngoja waje wenye santuri zao. Mimi nakaa pale na kahawa yangu.

Gitaa_Bovu:
Mkuu umegusa penyewe. Kwangu Hearts and Bones ni albamu bora kuliko zote alizotoa Simon kabla ya Graceland, matusi yaje tu. Watu waliisusa kwa sababu walikuwa wanasubiri wawili, akaja mmoja.

Wimbo uliobeba jina la albamu unahusu mapenzi yake na mwigizaji Carrie Fisher, aliyemuoa mwaka huohuo. Ule wa Johnny Ace unaanza na mwimbaji aliyejipiga risasi Krismasi ya 1954 na unaishia kwa John Lennon. Alipouimba Central Park kuna mtu alipanda jukwaani akamkimbilia, na Lennon alikuwa hajatimiza hata mwaka kaburini. Kipande cha mwisho cha ala kimetungwa na Philip Glass. Sasa hapo Garfunkel angeingilia wapi? Huo ni wimbo wa mtu aliyebaki peke yake chumbani, hautaki mwitikiaji.

Ila nisiwe mnafiki. Kwenye Train in the Distance kila nikifika kiitikio nasikia kiti kitupu.

Bi_Santuri:
Nyie kila siku Simon, Simon. Nani kati yenu ameisikiliza Angel Clare, albamu ya Garfunkel peke yake ya 1973, mpaka upande wa pili? Humo Garfunkel kaimba Woyaya ya Osibisa, wale Waghana na wenzao waliokuwa London, na kaiimba kwa heshima, hakuigiza Uafrika. Watermark karibu yote ni nyimbo za Jimmy Webb, na kwenye mmoja wa asili wa Kiayalandi wanapiga The Chieftains. Scissors Cut ya 1981 ndiyo siwezi kuiweka wakiwepo wageni. Ameitoa kwa mpenzi wake Laurie Bird aliyejiua, na utaisikia huzuni hata usipoambiwa.

Marehemu mume wangu alikuwa anaimba sauti ya pili kwaya ya parokia, Tanga. Watu walimjua mwimbaji kiongozi tu. Siku moja kiongozi akahamia parokia nyingine kwa mbwembwe zote, wimbo wa sadaka ukaimbwa bila yeye, na hakuna aliyeshtuka. Jumapili mume wangu alipolala na malaria, padri mwenyewe aliuliza, "Leo kwaya ina nini?"

Msema_Kweli_Mpenzi_wa_Mungu:
Tatizo la hawa ni kinyongo. Walikutana watoto wa shule, Queens, na mwaka 1957 wakatoa kibao wakijiita Tom na Jerry. Simon akaenda kurekodi peke yake kimyakimya kwa jina la True Taylor, mwenzake akaja kusikia baadaye. Garfunkel alilibeba lile mpaka uzeeni. Mtu ana miaka sabini bado anasimulia jambo la utotoni! Tusamehe, ndugu zangu, maisha mafupi.

Mvita_Halisi:
Na sisi huku tuna yetu. Akina Kinyonga, ndugu wa Tanga waliokuja kupigia Kenya, Simba Wanyika yao ilipasuka 1978 na waliotoka wakaunda Les Wanyika. Hadi leo hapa Mombasa ukitaka wazee wakosane barazani, waulize bendi gani ilikuwa kali. Mimi ni wa waliobaki, na sijadili.

Fundi_Mitambo:
Mleta uzi, albamu ina zaidi ya miaka arobaini, haiendi popote. "Kabla ya wiki ijayo" kuna nini?

Kamba_ya_Sita:
Hakuna kitu mkuu, ni mjadala tu. Ila wewe kama fundi unaonaje? Simon alikosea?

Fundi_Mitambo:
Mjadala hauna tarehe ya mwisho. Sema.

Kamba_ya_Sita:
Sawa. Nina albamu studio, Arusha. Tulikuwa wawili, tunapiga magitaa makavu hotelini kwa watalii na kwenye harusi chache. Tuliachana vibaya, mwaka jana tukarudiana, tukaamua kurekodi nyimbo zetu. Tuliimba maiki moja tunatazamana, yaani kama wao. Halafu tukakosana tena. Nyimbo zote nimeandika mimi, mbili zinamhusu mchumba wangu. Nikawaza, kwa nini nyimbo za nyumbani kwangu ziimbwe na mtu tusiyesalimiana? Nimemwambia prodyuza amtoe. Mnaomjua Simon mtanielewa.

Ngoja_Waje:
Kahawa imenipalia.

Dada_Kijenge:
Kaka yangu, maswali mawili, jibu bila kona. Hela ya studio katoa nani? Na mwenzako anajua?

Kamba_ya_Sita:
Dada, hela tulichanga. Nusu kwa nusu, lakini mafuta ya gari la kwenda na kurudi yalikuwa yangu. Kuhusu kujua, atajua ikitoka. Huyu mtu alikuwa anachelewa kila siku ya kurekodi, namsubiri na saa za studio zinahesabika. Hata Simon alichoka kumsubiri Garfunkel.

Dada_Kijenge:
Simon alimwambia Garfunkel kabla dunia haijajua. Usichukue kipande kinachokufaa tu.

Gitaa_Bovu:
Kama ni kufutana, Hearts and Bones siyo ya kwanza. Mwaka 1976 Stephen Stills na Neil Young walikuwa wanarekodi Long May You Run. Wakawaita Crosby na Nash, wenzao wa zamani bendini, wakaingiza sauti, ikawa kama wanne wamerudi. Crosby na Nash wakaondoka kwenda kumalizia albamu yao wenyewe, huku nyuma sauti zao zikafutwa. Ikatoka ya wawili. Halafu katikati ya ziara Young akaliacha basi, akamtumia Stills telegramu ya kuaga. Aliyefuta naye akaachwa njiani. Mimi hiyo albamu naipenda lakini nusu yake ni nyepesi, na sababu naijua.

Kwa wanaosema Crosby alikuwa mzigo, kasikilizeni If I Could Only Remember My Name ya 1971. Wachambuzi waliiponda, na 2010 gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, likaiweka ya pili kwenye orodha yake ya albamu bora. Vatikani, na Crosby yule yule tunayemjua!

Msema_Kweli_Mpenzi_wa_Mungu:
Tuiache Vatikani nje ya mambo ya mihadarati tafadhali.

Wakili_wa_Mtaa:
Naongea kama raia, mkataba wenu sijauona. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwimbaji hata kama hakuandika neno lolote la wimbo. Ukibakiza sauti yake bila makubaliano, anacho cha kudai. Ukiifuta yote, kwenye sauti huenda asiwe na hoja, lakini nusu ya gharama za studio anakudai kama mtu mwingine yeyote.

Swali linalonihusu ni jingine. Ile sauti ya pili alitunga nani? Maneno yako, sawa. Mstari aliokuwa anaimba yeye, ulimwandikia?

Kamba_ya_Sita:
Alikuwa anautafuta mwenyewe palepale. Mimi siandiki sauti za pili, huwa zinakuja tu.

Wakili_wa_Mtaa:
Haziji tu, zimetungwa na mtu. Ukimtoa halafu ukaimba wewe mstari ule ule, umeondoa koo na kubakiza kazi yake.

Bi_Santuri:
Asante mwanangu Wakili. Simon alitumia kazi ya Martin Carthy, mwanamuziki wa Uingereza, kwenye Scarborough Fair. Wimbo wa zamani usio na mwenyewe, ndiyo, lakini mpangilio wa gitaa aliupata kwa Carthy huko London, na jina la Carthy halikuwekwa. Ilichukua mpaka 2000 Simon alipomwita jukwaani London wakauimba pamoja. Na Carthy hakuwa hata bendi yake.

Kamba_ya_Sita:
Mama nakuheshimu, shikamoo, lakini mnamfanya Simon jambazi. Bila yeye Garfunkel angeimba nini? Baada ya kuachana 1970 aliishi kwa nyimbo za watu wengine. Simon alibaki mwenyewe, na albamu iliyofuata ile mnayoiita pengo ilikuwa Graceland. Mimi naona kufuta ndiko kulikomfungulia njia.

Bi_Santuri:
Marahaba. Graceland alizungukwa na kundi zima la waimbaji wa Afrika Kusini, Ladysmith Black Mambazo. Huyo ndiye mtu asiyehitaji sauti za watu?

Kachumbari:
Samahanini wazee, mimi nasema hii ni chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi. Angalieni: wawili waliachana, wakarudiana, wakarekodi, nyimbo zinamhusu mchumba, anafuta sauti ya mwenzake. Hiyo ni Hearts and Bones yenyewe, kabadilisha New York kuwa Arusha. Na kasema waliimba maiki moja. Maiki moja unamfuta vipi mtu mmoja? Fundi upo?

Fundi_Mitambo:
Nipo, na hilo lilinikwama tangu mwanzo. Siku hizi kuna programu zinazotenganisha sauti na ala, na zinajitahidi. Lakini sauti mbili za kiume zikiimba pamoja kwenye maiki moja, ukizitenganisha unabaki na sauti kama ya mtu aliye ndani ya ndoo.

Ngoja_Waje:
Nilijua! Kahawa yangu imepotea bure.

Mvita_Halisi:
Iwe chai au isiwe chai, mimi nimeisikiliza Angel Clare tangu Bi Santuri aitaje. Woyaya pale mwisho, subhanallah.

Kachumbari:
Atupie sekunde thelathini za wimbo. Au picha ya risiti ya studio, afiche majina. Akishindwa uzi uhamishiwe jukwaa la hadithi.

Kamba_ya_Sita:
Siwezi kuweka wimbo hapa, ataijua sauti yake. Yumo humu jukwaani.

Kachumbari:
Na sasa yumo humu. Kesho atakuwa binamu wa Garfunkel.

Kamba_ya_Sita:
Amini usiamini. Maiki moja ni nyimbo tatu tu, hizo nitazirudia peke yangu. Zilizobaki kila mtu alirekodi kwa wakati wake, kwa sababu ya kuchelewa niliyosema. Kwenye hizo kumtoa ni kuzima traki tu. Kwa hiyo siyo chai.

Fundi_Mitambo:
Kuzima traki na kufuta traki ni mambo mawili. Prodyuza ulimwambia lipi?

Kamba_ya_Sita:
Nilimwambia afute, nisije nikabadili mawazo. Nne ameshamaliza.

Fundi_Mitambo:
Ana kopi?

Kamba_ya_Sita:
Sijauliza.

Dada_Kijenge:
Kwa hiyo ulikuja kuomba ushauri wa kitu ulichokwisha kufanya.

Kamba_ya_Sita:
Nne tu dada. Zimebaki tano. Ndiyo maana nikauliza kama pengo linasikika.

Fundi_Mitambo:
Toka humu, mpigie prodyuza sasa hivi. Mwambie asiguse kitu na asitumie ile diski kwa kazi ya mtu mwingine. Kilichofutwa jana kinaweza kurudi kama hajaandika juu yake. Ukimaliza kumpigia huyo, mpigie na yule mwingine.

Kachumbari:
Kama ni chai, mpishi yuko vizuri, namsifu.

Gitaa_Bovu:
Bi Santuri, shikamoo. Hiyo Scissors Cut yako bado inacheza safi au ina mikwaruzo? Natafuta ya kununua muda sasa.

Bi_Santuri:
Marahaba. Inacheza safi. Siuzi.