Rangi ya ubuyu: siku ya tatu vidole havijatakata

MamaNai_Tandika
Wadau, naombeni msaada. Natengeneza ubuyu nyumbani hapa Tandika, vipakiti vya shilingi 100, nawauzia watoto wa shule na maduka mawili ya mtaani. Rangi huwa nanunua ya kopo, ina maandishi yake. Juzi kopo limepanda bei, muuzaji mmoja Kariakoo akanichotea nyekundu ya unga kwenye ndoo, kijiko shilingi 500, akanifungia kwenye nailoni. "Ni ileile mama, unalipia kopo tu." Nikachemsha sukari, iliki, pilipili manga kidogo, nikatia ncha ya kijiko. Jamani, iliwaka! Kilo 5 nzima. Leo siku ya tatu nasugua vidole kwa ndimu, kwa jiki, wapi. Mwiko ndio basi tena. Nimeonja, na mjukuu kadokoa. Hii ni ya chakula kweli? Ubuyu bado uko kwenye beseni, sijauza hata kipakiti.

BintiUkili
Mama Nai, usiuze. Mimi nasuka mikeka Mbagala, rangi ya ukili nanunua hivyohivyo, kwa kijiko, kutoka kwenye ndoo. Duka ninalonunua, ndoo yetu na makopo yenu yanakaa shelfu moja. Yetu tunachemshia ukili mpaka unainywa, mkeka ukinyeshewa hauchuji. Imetengenezwa ing'ang'anie.

MwlKemia
Shikamoo mama. Vidole peke yake si ushahidi, hata ya kopo hushika ngozi. Rangi nyingi hizi nyekundu, ya chakula, ya nguo, ya kiwi cha viatu, ni ukoo mmoja unaoitwa azo: atomi 2 za naitrojeni zimeshikana katikati, na hapo ndipo wekundu unapotoka. Tofauti ni kilichoning'inizwa pembeni. Za chakula (kwenye kopo utaona E122, E124 au E129) zimewekewa vipande vinavyozifanya ziyeyuke kwenye maji, na nyingi hutoka mwilini bila kufyonzwa. Sudan I, rangi nyingine ya ukoo huohuo lakini si ya chakula, haina vipande hivyo. Inapenda mafuta, ni rangi ya nta na kiwi, na panya waliolishwa walipata uvimbe wa ini. Mwaka 2005 Uingereza waliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa hiyo.

Tia chembe kwenye glasi ya maji, nyingine kwenye mafuta ya alizeti. Ikigoma kwenye maji na kuenea kwenye mafuta, mwaga papo hapo. Ikiyeyuka kwenye maji usishangilie, rangi nyingi za nguo na ukili nazo huyeyuka.

Kijana_wa_Zamani
Sisi tumekula ubuyu wa rangi toka darasa la kwanza, ulimi mwekundu mpaka jioni. Nani alikufa? Mnamtisha mama wa watu.

MwlKemia
Kaka, hata ya kopo ina kipimo. E124 Ulaya wameweka miligramu 0.7 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 14, chembe tu kwenye ncha ya kisu. Na tangu 2010 vyakula vyenye hizo 3 nilizotaja lazima viandikwe huko kwamba vinaweza kuvuruga utulivu wa watoto. Sasa ya ndoo, isiyo na jina, utaipimaje?

MamaNai_Tandika
Marahaba mwalimu. Nimejaribu. Kwenye maji imeyeyuka yote, kwenye mafuta imekaa chini kama mchanga. Kwa hiyo si ile ya kiwi, ila ya ukili bado inawezekana. Nimerudi Kariakoo kumuuliza inatoka wapi, akasema "mzigo". Mzigo gani? Akaanza kuhudumia mteja mwingine.

Ubuyu nimemwaga, kilo 5, roho inauma. Mjukuu mzima, anacheza. Jana nimejaribu kilo 1 kwa choya: nimeichemsha, nikachuja, nikapikia sukari humo. Kwa vile ubuyu wenyewe mchachu, wekundu umekaa, ila wa kiza, kama divai. Mtoto wa kwanza kauangalia akaniuliza, "Bibi, huu wa jana?" Kanunua lakini. BintiUkili, choya ya jumla wewe unaipata wapi huko Mbagala?

BintiUkili
Kwa jirani yangu, mama. Njoo Jumamosi, na ule mwiko uje nao, tutachemshia ukili.