Kinanda cha marehemu baba kimezuiliwa forodhani

Mama Tumu, Leicester:
Assalaam alaykum jamaa. Kinanda cha marehemu baba kimetoka Mombasa kwa meli, sasa kimezuiliwa bandarini. Nilijaza ToR1, fomu ya forodha ya Uingereza ya kuomba msamaha wa ushuru, wameirudisha: sijakimiliki miezi 6. Baba hakuacha wasia, nina hati ya kadhi tu. Wanaikubali? Kila siku ghala linanidai.

Kaka wa Croydon:
Pole dada. Mimi ToR1 yangu ilikaa wiki 7, wakataka mpaka bili ya umeme ya Tudor kule Mombasa, na pale nilikuwa nimepanga chumba tu. Ambatisha kila karatasi uliyonayo.

Mzee wa Cardiff:
Tusipotoshane jamani. ToR1 ni ya anayehama. Urithi ni fomu ya C1421, nimeshasema haya humu. Mwanangu, hicho kinanda kina tundu la MIDI nyuma, lile la pini tano la kukiunga na ala nyingine?

Mama Tumu:
Shikamoo mzee. Kinalo. Baba alikiunga na mashine ya ngoma.

Mzee wa Cardiff:
Marahaba. Basi tumkumbuke Dave Smith, Mmarekani aliyeunda vinanda vya elektroniki, mmoja wa waliobuni MIDI hiyo. Alifariki Detroit tarehe 31 Mei 2022, na humu hakuna aliyeandika hata mstari. Alisomea kompyuta na elektroniki chuo cha Berkeley, na mwaka 1978 akatia maikroprosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndani ya kinanda chake cha Prophet-5, kikaweza kuhifadhi sauti 40. Kabla ya hapo mpigaji alizungusha swichi upya kwa kila wimbo.

Kaka wa Croydon:
MIDI ni ya Wajapani. Kakehashi wa kampuni ya Roland.

Mzee wa Cardiff:
Ni ya wote wawili, na Grammy ya ufundi ya 2013 walipewa pamoja. Smith na mhandisi wake Chet Wood waliandika pendekezo la kuunganisha vinanda 1981. Januari 1983 Prophet-600, kinanda cha Smith, ikaungwa na Jupiter-6 ya Roland mbele ya watu, ukibonyeza huku kule kunalia. Waya wa MIDI haupitishi sauti, unapitisha maagizo: noti ipi, imebonyezwa kwa nguvu gani, imeachwa lini. Wakautoa bure kwa kila mtengenezaji. Kampuni ya Smith ilipoanguka, Yamaha waliichukua. 2015 wakamrudishia jina la kampuni hiyo, Sequential, na aliyewasihi ni Kakehashi huyo huyo.

Shangazi, Toronto:
Mmenirudisha Kibokoni, Mombasa. Usiku wa harusi, mpiga kinanda mmoja akitoa fidla, zumari na ngoma kwa vidole vyake. Wazee walinung'unika kwamba taarab imekwisha. Mimi nilicheza mpaka adhana ya alfajiri. Mungu awarehemu waliotuwekea waya ule. Huku Toronto harusi zinaisha saa tano.

Mama Tumu:
Amin, Shangazi. Huenda ulimcheza baba. Mzee, C1421 nimeifungua. Inataka jina la msimamizi wa mirathi, na hati ya kadhi imetaja warithi 6 bila msimamizi. Niandike la nani?