Mva (VAT ya Norway) mara mbili, na bado saizi si yake

Mama Watatu, Lillehammer. Jumatatu usiku

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naombeni msaada, nimechoka.

Binti yangu anatimiza 13 mwaka huu, kwa hiyo bima ya watoto ya NIF, shirikisho la michezo la Norway, imekwisha, na skilisens, leseni ya kushindana yenye bima, tumeshalipa. Kocha amewaandikia wazazi wa U14 (kundi la chini ya miaka 14) kwamba kwenye mashindano ya Hafjell, Jumamosi ya wiki ijayo, kila mtoto awe na nguo za ndani za kuzuia kukatwa na makali ya skii, zile mbao za kuteleza kwenye theluji, juu na chini. Nikaagiza Uingereza. Duka lilisema liko kwenye VOEC, mpango ambao duka la nje linakata mva palepale unaponunua, nikalipa kroner 2,400 na mva 600 juu yake.

Niliagiza 164 makusudi ili azivae na mwakani. Mtoto ana sentimita 151. Suruali imejikunja magotini, pedi ya nyonga imeshuka pajani. Nikarudisha, nikaomba 152. Jana naletewa ujumbe kwamba mzigo umezuiwa, nilipe mva upya pamoja na ada ya kushughulikia. Nimepiga simu ofisini wakanipeleka dukani, duka likanipeleka kwa msafirishaji, msafirishaji anataka fomu inayofunguliwa kwa BankID (kitambulisho cha mtandaoni) ya aliyeagiza. Aliyeagiza ni mume wangu, naye yuko baharini hadi tarehe 20.

Nauliza mawili. Nani amewahi kurudishiwa mva ya kitu alichobadilisha saizi, na alijaza nini? Halafu hiyo 152 itamfaa, au nimekosea tena? Kifua 74, kiuno 62, nyonga 79.

---

Mzee wa Drammen. Jumatatu, saa tano usiku

Pole sana mwanangu. Mimi mva mara mbili ilinikuta kwa taa ya gari, miezi saba naandika barua, mwisho nikaacha. Kwa hiyo usiniige. Weka risiti zote, ile ya kwanza na ile ya kurudisha mzigo posta, hasa hiyo ya posta.

Kuhusu saizi, mjukuu wangu tulimchukulia kubwa kidogo na hakuna kilichoharibika. Watoto wa siku hizi wanarefuka wakiwa usingizini. Kubwa ni bora kuliko ndogo.

---

Fundi wa Trondheim. Jumanne asubuhi

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, hapo siwezi kunyamaza. Nimeshona nguo tangu Tanga, miaka 26 sasa, na nguo ya aina hii haichaguliwi kama koti. Koti likizidi ukubwa, mtoto anapata baridi kidogo. Nguo ya kinga ikizidi, pedi inahama. Mtoto anapiga mlingoti wa geti, nguzo ya kupitia kwenye mbio, kwa bega, na pedi wakati huo iko kwenye mkono wa juu. Amevaa kinga, ila haipo mahali anapopigwa.

Mama Watatu, namba hizi za Ulaya, 140, 152, 164, ni urefu wa mwili kwa sentimita. Si umri. Kila hatua ni sentimita 12, ndiyo maana 164 ilimmeza. Kwa vipimo ulivyoleta 152 ni yake, tena nyonga yake inaijaza vizuri. Ila pima upya, na usimpime amesimama wima tu kama anayepigwa picha ya pasi. Futi ya fundi ipite juu ya ngozi, si juu ya sweta. Pima kifua akiwa ametoa pumzi na pia akiwa ameivuta. Pima kutoka mfupa unaotokeza nyuma ya shingo hadi kiunoni, kwa sababu wapo watoto wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na hao jedwali huwadanganya kila mara. Halafu mpime mguu wa ndani.

Zikifika, mvalishe kisha mwambie ainame kama anayeshuka mlima, magoti yamekunjwa, mikono mbele. Akae hivyo dakika tano. Fulana ikipanda mgongoni na kuacha ngozi wazi, ni fupi. Kitambaa kikijikunja nyuma ya goti au kwapani, ni kubwa. Akivua, alama nyepesi ya mshono kwenye ngozi si tatizo. Mfereji mwekundu unaobaki nusu saa ni tatizo.

---

Kaka wa Kristiansand. Jumanne mchana

Bandugu, salamu. Mama, usihangaike na Uingereza. Mtoto wangu ana fulana yenye pedi mabegani, viwiko na mgongo, imeandikwa EN 1621 Level 2. Tuliinunua kwenye soko la mitumba la klabu kwa kroner 300, na inabana vizuri. Hiyo inatosha.

---

Mama Pacha, Umeå. Jumanne mchana

Haitoshi, kaka, na tafadhali usiwaambie wazazi hivyo. EN 1621 inapima kishindo, yaani pigo. Kinga ya mgongo inapimwa hivyo. Kukatwa ni kipimo kingine kabisa: ISO 13997, blade inavutwa juu ya kitambaa na wanapima nguvu iliyohitajika kukipasua, kwa nyutoni. Nguo inaweza kuwa na pedi nene kama godoro, na katikati ya pedi na pedi ikawa kitambaa chembamba cha laikra tu. Kocha ameandika kukatwa, hakuandika pigo.

Nina sababu ya kuwa mkali. Tarehe 13 Januari 2024 nilikuwa naangalia mbio za skii za Wengen, Uswisi, na wanangu wawili kwenye kochi. Aleksander Aamodt Kilde wa Norway alianguka na kuingia kwenye wavu wa usalama karibu na mwisho, bega likatoka, na shavu la mguu likakatwa vibaya na makali ya skii yake mwenyewe. Alichukuliwa na helikopta. Wanangu walikuwa na miaka 11, wakaniuliza kama skii zao nazo zina makali hayo. Zina. Tunawanolea wenyewe gereji kila Ijumaa. Msimu uliofuata, 2024/25, FIS, shirikisho la skii la kimataifa, wakalazimisha nguo hizi kwenye Kombe la Dunia la skii.

---

Kaka wa Kristiansand. Jumanne jioni

Sikujua, dada. Nimeangalia lebo ya ndani, ISO hiyo haipo. Asante, ila ungeniambia polepole.

---

Mama Pacha, Umeå. Jumanne jioni

Samahani kaka. Kweli nilikuja juu. Fulana yako bado ina kazi kwenye GS (giant slalom, mbio za kupita mageti), usiitupe. Ila hakikisha suti ya mbio inapita juu yake. Sisi tulinunua fulana yenye pedi baada ya kununua suti, zipu ikagoma kupita kifuani, ikabidi suti ipande saizi moja. Anzeni na nguo ya ndani, suti ifuate.

---

Fundi wa Trondheim. Jumanne usiku

Jambo moja nimelisahau, na ndilo lililonikuta nyumbani kwangu: kiatu. Ndani ya kiatu cha skii unaingia mguu na soksi moja nyembamba, basi. Suruali ndefu ikiingia kiatuni, mshono wake unamtafuna mtoto muundini, na mwisho anakataa kuivaa. Kwa hiyo nyingi zinakatwa robo tatu. Lakini robo tatu ya mtoto mrefu inaweza kuishia juu ya kiatu na kuacha vidole vitatu vya ngozi, na hapo ndipo penye shavu la mguu. Kwa hiyo mjaribishe akiwa na viatu vyenyewe, vimefungwa, amekunja magoti. Kitambaa kifike kwenye ukingo wa kiatu bila pengo.

Na msiniletee nipunguze. Nimeshaombwa mara tatu msimu huu. Nyuzi kama Dyneema zinalemaza mkasi, na nikishakata na kushona upya siwezi kukuhakikishia kwamba sehemu ile bado inazuia chochote. Kufua, maji ya digrii 30, bila dawa ya kulainisha, bila dawa ya kung'arisha. Msiweke kwenye mashine ya kukaushia wala juu ya radieta ya kupasha nyumba, uzi huo hauna urafiki na joto.

---

Mzee wa Drammen. Jumatano alfajiri

Fundi, marahaba. Nimesoma mara mbili na nimekubali.

Nadhani naelewa kwa nini sisi sote tunakimbilia kubwa. Sweta yangu ya darasa la kwanza, Moshi, mama aliinunua mikono ikafunika vidole. Akakunja mara mbili, akasema utakua humo humo. Nikakua humo kweli, hadi darasa la nne, na ilipokuwa inanibana akapewa mdogo wangu. Asubuhi tukienda shule Kibo ilikuwa nyeupe yote juu, na sisi tunatetemeka huku chini tukiamini theluji ni kitu cha kutazama tu. Mama hakuwahi kujua kuna watoto wanaoishukia wamesimama juu ya mbao. Wiki iliyopita mjukuu amenipigia video kutoka mlima wa skii wa Kvitfjell, nikatamani mama angekuwepo amwone.

---

Dada wa Bergen. Jumatano

Mzee umeniliza kazini.

Wangu ana 15 na anataka akifika mashindano ya FIS ashuke na bendera ya Tanzania. Anajua habari za Sabrina Simader, Mkenya aliyelelewa Austria, alivyoshuka Olimpiki ya PyeongChang 2018. Na baba yake humsimulia Philip Boit, Mkenya mwingine, kule Olimpiki ya Nagano 1998, alivyomaliza wa mwisho na Bjørn Dæhlie, bingwa wa Norway, akamngoja mstarini amkumbatie. Sasa nimwambie nini? Leseni ya FIS inafuata pasi. Norway imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu tarehe 1 Januari 2020. Wakenya wana uraia pacha kwenye katiba yao ya 2010. Sisi Watanzania wa diaspora tumepewa Hadhi Maalumu, ambayo si uraia. Mtoto amezaliwa na Watanzania wawili, anakula ugali, anaongea Kiswahili kuliko mimi.

---

Kaka wa Kristiansand. Jumatano

Sisi Wakongo ni hivyo hivyo, dada. Katiba inasema uraia wetu ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Nilipochukua pasi ya hapa mama yangu Bukavu hakusema neno siku mbili.

---

Mzee wa Drammen. Jumatano

Hilo la uraia tumelisema kwenye kila kikao na ubalozi, na tutalisema tena. Mtoto asikatishwe tamaa. Afanye mazoezi.

---

Mama Watatu, Lillehammer. Alhamisi usiku

Asanteni wote. Nimelipa hiyo mva ya pili, Jumamosi ya mashindano hainisubiri mimi. Nguo zimefika leo.

Nimefanya kama Fundi alivyosema. Kiwiliwili sawa, mgongo haufunuki, pedi ya nyonga imekaa juu ya mfupa. Lebo ina ISO 13997, nimepiga picha. Lakini miguu yake ni mirefu. Amevaa viatu, akainama, na mguu wa kulia umeonekana vidole viwili vya ngozi. Kushoto hakuna. Tumepima tena, buckle (kifungio cha kiatu) ya juu ya kulia ilikuwa imefungwa tundu moja zaidi na imesukuma kitambaa juu. Tumelegeza, tukavuta, sasa kinafika. Nitamwangalia mwenyewe kabla hajapanda lifti ya mlimani.

Swali la mva bado liko pale pale. Kuna yeyote anayejua ni fomu gani?

---

Mgeni, Stavanger. Ijumaa

Hamjambo. Nimejiunga leo. Mimi pia nina barua hiyo ya mva, ya viatu vya mtoto, wamenipa siku 14. Mama Watatu, ukipata jina la fomu naomba uniandikie.

Na Fundi, mtoto akiwa na 146, nichukue 140 au 152?