Upasuaji nyumbani Lindi au Mtwara ukiwa kwenye dawa za MS

Kutoka: Binti Mikindani (Reading)

Shikamooni wakubwa. Kuna mwenzetu hapa ana MS (ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo), anatumia Ocrevus, dawa ya dripu, na ana ngiri ya kinena. Anataka akafanyiwe upasuaji Lindi mwezi wa saba, akiwa likizo ya wiki 3, mama na dada zake wamuuguze. Jamaa mmoja kamwambia aache dawa kwanza ili kinga irudi. Wenye ujuzi tunaomba mwongozo.

Kutoka: Muuguzi wa neva (Leeds)

Marahaba mdogo wangu. Mwambie asiache dawa kwa ushauri wa jamaa. Dripu ya Ocrevus ya miligramu 600 huondoa chembe B (aina ya chembe nyeupe za kinga) kwenye damu kwa miezi mingi, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya miezi 6. Hakuna cha "kuacha wiki mbili kabla". Dawa imeshafanya kazi yake. Anachoweza kupanga ni tarehe. Ngiri isiyobana inasubiri, kwa hiyo upasuaji uwekwe mwishoni mwa mzunguko, mwezi wa 5 au wa 6 tangu dripu ya mwisho, na dripu inayofuata ingoje kidonda kifunge. Akubaliane na daktari wake wa neva kabla hajakata tiketi. Ila ngiri ikikwama, yaani imekuwa ngumu, inauma, hairudi ndani na anatapika, hapo hakuna kungoja mzunguko wowote. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Wengine mnaosoma, msichukue jibu hili mkalivika dawa nyingine za MS. Copaxone na sindano za interferoni kwa kawaida huendelea kama zilivyo. Tysabri na Gilenya ndizo hatari zaidi kuacha kiholela: MS inaweza kurudi kwa kishindo ndani ya miezi michache, vibaya kuliko kabla ya dawa. Gilenya ina mtego mwingine. Aliyeitumia zaidi ya mwezi akikatiza kwa zaidi ya wiki 2, kidonge cha kwanza cha kurudia kinahitaji uangalizi wa saa 6, kwa sababu hushusha mapigo ya moyo.

Kabla ya kusafiri apime FBP (picha kamili ya damu), waangalie kila aina ya chembe nyeupe na si jumla tu, na kiwango cha kingamwili IgG. Vikiwa chini sana, upasuaji usio wa dharura usogezwe. Matokeo ayachapishe, simu huisha chaji.

Kutoka: Fundi wa usingizi (Muscat)

Naongeza ya chumba cha upasuaji. Ngiri ni kazi ya kawaida hospitali za Sokoine, Ligula, Ndanda na Nyangao, na mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mgongo. Mwenye MS si kwamba haruhusiwi ganzi hiyo, lakini aseme mapema, siyo akiwa amekwishakaa kitandani ameinamishwa. Udhaifu wa miguu alionao sasa uandikwe kabla ya sindano, la sivyo kesho yake hakuna atakayejua kipi cha ganzi na kipi cha zamani. Ngiri ndogo inaweza hata kufanyika kwa ganzi ya eneo lenyewe.

Ikibidi nusu kaputi na miguu ina ulemavu mkubwa, suksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli wakati wa usingizi) iepukwe. Inaweza kupandisha potasiamu ghafla na moyo ukasimama. Anayetumia Gilenya apimwe ECG (umeme wa moyo) kwanza.

Anayetumia baklofeni kulegeza misuli inayokaza asiikatize hata siku ya kufunga kula. Ameze na maji kidogo asubuhi, kwa idhini ya mtaalamu wa usingizi. Ikikatwa ghafla huleta degedege na kuchanganyikiwa, na watu wataanza kusema karogwa. Na aliyemeza prednisoloni (dawa ya steroidi) miligramu 5 au zaidi kila siku kwa wiki 4 au zaidi aseme, maana anaweza kuhitaji haidrokotizoni, steroidi nyingine, miligramu 100 kwenye mshipa wakati wa kupewa usingizi.

Barua iwe ukurasa mmoja. Aandike jina halisi la dawa pamoja na lile la kiwanda, kwa sababu Ocrevus peke yake huenda isimwambie kitu daktari wa zamu. Halafu dozi, tarehe ya mwisho, mzio, na namba ya kliniki yake.

Kutoka: Binti Mikindani

Asanteni sana. Na akishatoka hospitali? Nyumbani ni mjini, ila bati na joto mnalijua.

Kutoka: Muuguzi wa neva (Leeds)

Mwezi wa saba una nafuu, kusi linavuma. Joto linamhusu kweli: mwili ukipanda joto, hata kwa homa ndogo, miguu hulegea na macho hufifia, kisha hurudi ukipoa. Kwa hiyo mama asimkande kwa maji ya moto, hata kwa mapenzi. Kidonda kinabaki kikavu.

Akipata homa au miguu ikilegea zaidi, watu wasikimbilie kusema MS imeamka na kumtundikia dripu ya steroidi. Kwanza kipimo cha haraka cha malaria, mkojo na kidonda. Kinga ikiwa chini, kidonda kinaweza kuoza ndani bila usaha mwingi. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu yanatosha kumrudisha hospitali. Mpira wa mkojo utolewe mapema, na wahakikishe anakojoa mkojo ukaisha kibofuni.

Steroidi ikihitajika kweli, aliyekulia kwetu akitembea pekupeku apimwe minyoo ya strongiloidesi au apewe ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, kwanza. Minyoo hiyo hukaa mwilini miongo, na steroidi huifungulia njia isambae mwili mzima.

Wiki 3 ni chache. Afike, amuone daktari wa upasuaji, kisha abaki na wiki 4 kamili baada ya kushonwa kabla ya basi la Dar na ndege. Kama kazini hawampi hizo siku, afanyiwe hukuhuku Reading na nyumbani aende kusalimia.